Maharage Yasiyotakiwa Kunenepa

Machi 4, Jumatatu

Daftari hili ni la kampuni. Kijana wao aliyelileta amesema niandike kila siku kilichofanyika shambani: tumepanda nini, tumenyunyiza nini, nani alishika bomba la dawa, tumechuma siku gani. Ati wanunuzi wa ng'ambo wanataka kujua. Nikamuuliza, "Na mimi nikitaka kujua wao wamekula na nini, daftari lao nitaliona wapi?" Akacheka. Mwanangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kazi ya kuandika nimepewa mimi. Mwanangu ana mwandiko wa kuku aliyetoka kwenye tope, na mkwe wangu ndiye mnyunyizaji, na mnyunyizaji haruhusiwi kujiandikia. Nilisoma mpaka darasa la nne. Herufi zangu zimesimama wima, na mkono wangu haujazoea kuandika uongo.

Shamba ni moja, la bondeni, alilotuachia marehemu mume wangu. Miaka yote nimelima mahindi hapo. Mwaka juzi gunia moja la mahindi lilinunua mfuko mmoja wa mbolea na chenji ikabaki. Mwaka jana magunia mawili hayakununua mfuko mmoja. Mahindi ni yale yale, mkono ni ule ule, jasho nalo halijapungua chumvi. Kilichobadilika sikijui.

Sasa mwenye tanuri la matofali analitaka shamba. Hataki kulima. Anautaka udongo wenyewe, auchimbe mpaka chini, auchome tofali. Bei aliyotaja ni kubwa kuliko mahindi ya miaka kumi. Hati ina jina la mwanangu, ndivyo marehemu alivyoandika, nami nikanyamaza kwa ujinga wangu. Nimelia, nimetukana, nimegoma kula. Mwisho tumepatana hivi: msimu mmoja wa maharage machanga ya kampuni. Yakitulipa, mwenye tanuri aende zake. Yasipotulipa, mwanangu anatia sahihi na mimi sifungui mdomo.

Mimi kutofungua mdomo! Basi yajue maharage yenyewe uzito waliobebeshwa.

Machi 5

Tumepanda. Mistari miwili miwili, kamba imevutwa. Mgongo wangu umebaki shambani, nimerudi bila huo.

Machi 6

Mvua hakuna.

Machi 7

Mvua hakuna.

Machi 12, Jumanne

Yameota. Nimepita mstari kwa mstari, mapengo ni machache. Mkwe wangu naye kapita, simu sikioni, anacheka na dada yake. Nikamwambia, "Mche hauoti kwa kupigiwa simu." Akasema, "Ndiyo mama," kisha akaendelea kucheka. Huyu mwanamke ana adabu ya mdomoni tu.

Machi 20

Mvua hakuna, mbingu imepauka kama shuka ya hospitali. Tunamwagilia kwa pampu tuliyokodi, na pampu inakunywa mafuta kuliko mlevi wa harusi. Mwanangu anatoka alfajiri, anarudi alasiri na kidumu cha mafuta. Nikimuuliza anatoka wapi, anasema, "Natafuta, mama." Kutafuta gani huko kwa kila siku? Mwanaume mzima anamwachia mama yake jembe, yeye anazunguka kama inzi. Nimemwambia hivyo hivyo mbele ya mke wake. Akabeba kidumu akaenda kuijaza pampu.

Machi 21

Tumemwagilia.

Machi 22

Tumemwagilia. Mkwe wangu kanyunyiza dawa ya wadudu, ile ya kifuniko cha kijani, kavaa glavu na buti. Alikuwa na simu mfukoni, nayo niandike au nisiandike? Nimeandika.

Aprili 2, Jumanne

Mvua! Si ya maana, lakini imelowesha kisigino.

Mwenye tanuri kapita. Hakusalimia mtu kwanza. Kaingia mpaka ukingo wa shamba, kainama, kachukua donge la udongo, kalifinyanga kiganjani kama anayetengeneza tonge. Halafu akalinusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Napita tu, naangalia. Udongo wako mzuri sana mama. Hauna mchanga. Tofali lake halipasuki."

"Na wewe kichwa chako kingekuwa na udongo huu, nacho kisingepasuka. Toka kwenye maharage yangu."

Akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Kibaya ni kwamba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua.

Aprili 9

Maua. Meupe, shamba zima. Nimesimama hapo mpaka mkwe wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Aprili 18, Alhamisi

Kijana wa kampuni kaja kutufundisha kuchuma. Ana kibati chenye matundu matatu. Haragwe likipita tundu dogo, daraja la kwanza. Likipita la kati, daraja la pili. La tatu, bei ya kutupa. Lisipopita, halichukuliwi. Tangu leo yeye ni Bwana Kibati.

Nilimwambia, "Mwanangu, hili mbona bado? Limeota jana. Halina hata mbegu ndani."

"Ndivyo tunavyotaka, bibi. Jembamba, mbegu isionekane."

"Kwa hiyo mnanunua maganda."

"Tunanunua ujana, bibi."

Wote wakacheka, na mkwe wangu akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Tangu nishike jembe sijawahi kuvuna kitu kibichi. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, anayevuna kabla ya kukomaa ni mwizi au ana njaa. Mimi siyo mwizi, na njaa yangu hainitoi akili.

Kasema pia: kuchuma ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, lori likija. Asiruke mtu. Ikinyesha mvua kubwa uandike mvua, kampuni itaelewa. Ukiruka bila sababu, mkataba umekwisha. Nimeandika hapa ili isiwe alisema hivi, alisema vile.

Aprili 22, Jumatatu

Tumechuma mara ya kwanza na vibarua wanne. Kreti tatu. Wepesi wa kreti zenyewe! Nimeinua moja kwa mkono mmoja, mimi niliyezidi miaka sabini. Bwana Kibati kapitisha kibati chake, kasema safi kabisa, daraja la kwanza. Ukishatoa vibarua na mafuta ya pampu, kilichobaki kinanunua sabuni.

Aprili 24

Kreti nne. Sabuni na chumvi.

Aprili 25, Alhamisi

Leo niandike mengi.

Nilikwenda kwenye tanuri. Niliona mwenye tanuri kazidi kupitapita, kila jioni anafinyanga udongo wangu, nikasema leo nitamfuata kwake nimpe zake. Nimejifunga kanga kiunoni, nimeshika fimbo, nimekwenda na hasira yangu nzuri, nimeitunza njia nzima isimwagike.

Kule kuna moshi, kuna mistari ya tofali mbichi zimeanikwa kama biskuti. Kuna shimo la udongo, na ndani ya shimo watu watatu wanakanyaga udongo kwa miguu, mpaka magotini. Mmoja alikuwa amenipa mgongo. Mgongo ule nimeuogesha mimi.

Sikumwita. Mwenye tanuri ndiye aliyeniona, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu yuko hapa tangu mwezi wa tatu uanze. Alisema nisikwambie."

Mwanangu akageuka. Tope mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mama, hapa kuna jua, utaumwa kichwa."

Ndicho alichosema.

Akatoka shimoni akaninawishia uso na maji ya ndoo, maana nilikuwa nimeloa jasho. Hapo nikaviona viganja vyake. Vimepasuka kama bonde wakati wa kiangazi, nyufa zimeingia udongo na haziwezi tena kusafishika. Mbegu, yeye. Mafuta ya pampu, yeye. Vibarua wa Jumatatu kawalipa yeye, kwa kukanyaga udongo wa mtu. Mimi nimemwita inzi. Tena mbele ya mke wake, na mke wake alijua, akanyamaza kwa sababu aliambiwa anyamaze. Mwanamke mwenye adabu ya mdomoni!

Nimerudi nyumbani bila kumpa mtu zake. Njiani nilikuwa nafikiri: nilidhani shamba linatulisha. Kumbe tanuri linalilisha shamba, na shamba linalisha lori la kampuni.

Kreti zikijaa, mwanangu atatoka kwenye lile shimo. Ndilo ninalotaka, sina lingine.

Aprili 26, Ijumaa

Mkwe wangu kampeleka mtoto wao kung'olewa jino, mwanangu yuko kazini kwake. Nimebaki mimi na vibarua.

Nimepita mstari kwa mstari. Vijiti vyembamba, havina damu. Nimechuma kimoja nikakivunja, ndani hakuna hata punje. Nikawaza, siku tatu tu. Siku tatu haya yatajaa kidole, kreti nne zitakuwa nane, bila kutia tone la mafuta. Kilo ni kilo. Nani aliyewahi kukataa haragwe lililoshiba?

Nimewaambia vibarua warudi Jumatatu. Hatukuchuma. Mvua haikunyesha. Nimeyaacha yanenepe.

Aprili 27

Yananenepa. Mkwe wangu aliporudi aliuliza lori limesemaje. Nikamwambia lori halinihusu, mimi ndiye mwenye shamba. Akatazama chini.

Aprili 28

Nimekwenda peke yangu baada ya ibada. Yamejaa! Nimeyashika. Nimeimba kidogo.

Aprili 29, Jumatatu

Nimeketi jikoni, jua bado lipo, nataka niandike kabla mkono haujakataa.

Asubuhi tulichuma kreti tisa. Tisa. Mwanangu hakwenda kazini, nilimzuia, nikamwambia leo uje uone mama yako alivyolima. Tulizipanga kando ya barabara, chini ya turubai. Nilivaa kanga mpya.

Bwana Kibati kashuka kwenye lori anatabasamu. Kachukua haragwe la kwanza, halikupita. La pili, halikupita. Kaingiza mkono mpaka chini ya kreti, kachomoa la chini kabisa, halikupita. Akafanya hivyo kreti zote tisa, na kila kreti tabasamu lilikuwa linapungua.

"Bibi, haya yamekomaa."

"Ndiyo, yamekomaa. Kazi ya shamba ni hiyo."

"Hatuwezi kuyachukua."

"Mengine mnachukua hayana kitu ndani, haya yenye kitu hamyataki?"

"Bibi, Ijumaa hamkuchuma?"

Mwanangu akaingia kati haraka. "Ilinyesha. Huku kwetu Ijumaa ilinyesha kubwa."

Bwana Kibati akamtazama, akatazama barabara yenye vumbi. Nilimwona anataka kukubali. Kweli nilimwona. Akasema, "Sawa, kama ilinyesha ninyi mnajua. Bibi, nipe daftari nichukue rekodi tu."

Nikampa. Nilikuwa nimelikumbatia tangu asubuhi, nikijivuna kwamba sijaruka siku ya kazi hata moja. Akafungua. Akasoma Ijumaa. Akasoma tena kwa kidole. Kisha akarudi nyuma, akasoma na kule nilikomwita Kibati, akakohoa.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe."

Akafunga daftari polepole, akanirudishia kwa mikono miwili kama anavyopewa mzee. "Bibi, umeandika mwenyewe kwamba mvua haikunyesha. Umeandika umeacha yanenepe. Mimi nikiandika mvua, na mkaguzi wangu akaja akasoma hili, kazi sina. Nina mama pia mimi."

"Sikudanganya," nikamwambia.

"Najua."

"Nyinyi ndio mliosema niandike."

"Najua, bibi."

Akachana karatasi ya mkataba wetu, nusu akatupatia sisi, nusu kaweka mfukoni. Lori likaondoka na kreti za majirani. Zetu tisa zikabaki chini ya turubai.

Mwanangu aliketi juu ya kreti. "Mama, ungeandika mvua. Neno moja tu."

"Haikunyesha."

"Mama!"

"Haikunyesha, mwanangu. Nitaandikaje mvua ambayo haikunyesha?"

Akafunika uso kwa vile viganja. Mkwe wangu ndiye aliyesema, tena si kwangu, alimwambia yeye: "Mwache mama. Twende tukajaribu sokoni."

Nilitaka kumgombeza kwa kuniombea. Nikashika upande mmoja wa kreti.

Aprili 30

Sokoni yamejaa maharage ya watu waliokataliwa kama sisi. Yamemwagwa chini kwenye magunia. Wauzaji hawaiti hata wateja. Tumeuza kreti moja kwa bei ya nauli. Nyingine chache tumempa jirani mwenye ng'ombe, zilizobaki tumerudi nazo. Ng'ombe hana kibati.

Mei 1, Jumatano

Nilidhani tutachuma mengine, tumwangukie Bwana Kibati miguuni. Nimeingia shambani, hakuna ua. Hata moja. Mimea imeona imeshazaa mbegu, imemaliza kazi yake, inaanza kuwa njano.

Hili ndilo linaloniua. Nilikuwa nalijua. Bamia ziko hivyo! Nimelima bamia kando ya jiko tangu nimeolewa: ukiichuma changa inazaa mpaka uchoke, ukiiacha ikakomaa mti unakoma. Nimewafundisha mabinti wa watu, nimemgombeza mkwe wangu huyu huyu kwa sababu ya bamia mbili. Ningetazama jiko langu ningejua. Lakini nilikuwa natazama kreti.

Wala si kampuni. Ni mimi.

Mei 2

Maharage asubuhi, maharage mchana.

Mei 3

Maharage. Mtoto kauliza kama tumekuwa ng'ombe. Hakuna aliyemkemea.

Mei 6, Jumatatu

Mwenye tanuri kaja na karatasi na mashahidi wawili. Nilikuwa nimeahidi kutofungua mdomo. Sikufungua. Niliwapikia chai, nikaweka sukari ya kutosha ili wasije wakasema.

Mwanangu alishika kalamu kama anayeshika kisu cha mtu mwingine. Akanitazama. Nikatazama sufuria. Akaandika jina lake, kwa mwandiko ule wa kuku, na kwa mara ya kwanza nikaona jina hilo lilivyo refu.

Mwenye tanuri akasema, "Mama, mwanao nitamwajiri hapa hapa bondeni. Hatatembea mbali tena."

Alidhani ananipa pole. Na kweli ilikuwa pole.

Sehemu ya pesa tumewalipa wenye pampu. Nyingine ni ya ada. Iliyobaki mwanangu kaiweka, anasema atanunua pikipiki, au atafungua duka, au hajui. Nimesema, "Usinunue mahindi." Akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Mei 9

Kampuni haikulitaka tena daftari. Kurasa zimebaki. Naandika.

Mei 13, Jumatatu

Wameanza kuchimba. Watu sita, mwanangu mmoja wao.

Nilisema sitakwenda kuona, nikaenda. Kwanza wanang'oa maharage yangu ya njano wanayarusha kando. Kisha wanakwangua udongo wa juu, ule mweusi, kina cha mkono mpaka kiwiko. Nikamuuliza msimamizi, "Huu mnaupeleka wapi?"

"Huu hatuutumii, bibi. Una mizizi, una samadi, tofali lake linapasuka. Tunaumwaga mtoni."

"Unamwaga nini?"

"Huu wa juu. Tunataka wa chini, mfinyanzi."

Nimekaa chini. Nilikaa kwenye tope na kanga yangu. Huo wa juu ni samadi ya ng'ombe wote tuliowahi kuwa nao. Ni majani niliyozika kila msimu tangu marehemu akiwa na nywele nyeusi. Wa chini ni wa Mungu, yeye auze. Wa juu niliutengeneza mimi.

Mwenye tanuri hakuununua huo. Nilimfuata nikamuuliza usoni, "Huu wa juu umo kwenye karatasi?" Akakuna kichwa. "Mama, huo ni takataka, sijauandika."

"Basi ni wangu."

"Chukua. Lakini vijana hawatakusubiri. Ukifika mtoni umekwenda."

Nimerudi nyumbani nimechukua karai.

Mei 14

Makarai tisa. Kutoka bondeni hadi nyuma ya jiko ni mlima. Napumzika mara mbili njiani.

Mei 15

Makarai saba. Goti.

Mei 16

Nilikuwa kwenye la tatu, nimesimama pale kwenye kona nahema, karai likanyanyuliwa kichwani mwangu. Mkwe wangu. Simu haipo sikioni. Kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Lete, mama."

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Umezidi ubishi tu. Lete hilo, chukua lile dogo la kuoshea vyombo."

Nimechukua dogo. Leo makarai ishirini na mawili, la kwangu linahesabiwa nusu. Amesema hivyo yeye, nami nimekubali.

Mei 17, Ijumaa

Makarai thelathini. Nyuma ya jiko pamekuwa na kitanda cha udongo mweusi chenye upana wa mikeka miwili. Hatujapanda kitu. Kwanza tuubebe.

Msimamizi anawapigia kelele wachimbaji wamwage upande wa mto, ni karibu zaidi, kazi iende. Wote wanamwaga upande wa mto. Mmoja tu hamsikii. Kila chepe la mweusi analizungusha mwili mzima, analirusha upande wetu, mbali, anatumia nguvu mara mbili. Msimamizi kamwita mara tatu, kamtishia kumkata siku. Mwanangu hatutazami. Anarusha tu, na sisi tunainama tunajaza.